Sura ya Saba: Mto Ukishapungua

Anayejiandaa kwenda Rufiji kutazama ndege huuliza habari za mwezi: niende lini, ndege wengi wako lini? Huwa namjibu kwa swali. Unakwenda kumwona nani? Kama ni ndege wa mchangani, wale wanaotaga kwenye fungu tupu katikati ya mto bila hata kijiti cha kujifichia, kalenda ya ukutani itakusaidia nusu. Nusu nyingine iko kwenye maji. Fungu likichomoza, wanataga. Likizama kabla ya wakati, mayai yamekwenda na mto, na hakuna baraza la kupeleka mashtaka.

Ndiyo maana nawashauri watu waujue mto kwanza, darubini baadaye. Rufiji huanza pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, hupokea Ruaha Mkuu njiani, hupenya korongo la mawe ambalo kwa zaidi ya karne limeitwa kwa jina la Mjerumani Stiegler, kisha hutua tambarare na kutanuka. Kutoka hapo hupita Mloka na Utete mpaka kwenye delta yake ya mikoko inayotazamana na kisiwa cha Mafia. Ni mto wa kilomita 600 hivi, lakini eneo linaloulisha maji ni karibu kilomita za mraba 177,000, yaani takriban moja ya tano ya Tanzania Bara. Mvua ikinyesha Usangu, Njombe au Mahenge, maji yake yatapita Mloka baadaye hata kama Mloka kwenyewe jua linawaka. Kwa desturi mto hufura kati ya Machi na Mei, huanza kushuka Juni, na ikifika Oktoba au Novemba maji yamejigawa vijito vijito kati ya mafungu ya mchanga. Ndege ninaotaka kuwazungumzia hapa wanaishi kwa kushuka huko.

Ukitaka kuelewa kwa nini, simama kwenye kona yoyote ya mto. Maji ya upande wa nje wa kona hukimbia, hukwangua ukingo na kuubomoa mpaka unabaki ukuta wima wa udongo. Upande wa ndani maji hupunguza mwendo, na mchanga uliokuwa ukibebwa hutua ukawa fungu. Kila kona kwa hiyo ina ukuta na ina ufukwe, na kila upande una wakazi wake. Ukutani hutoboa keremkerem na mdiria. Ufukweni hutaga vitwitwi, mkata maji, na ndege mmoja mpiga kelele mwenye mstari mweupe utosini na ndewe za njano zinazoning'inia kando ya mdomo, ambaye hukuona kabla hujamwona na kuutangazia mto mzima.

Ukuta na ufukwe huo haudumu. Ukuta ambao maji hayajaugusa kwa miaka kadhaa hulala, ukawa mteremko, ukaota nyasi, na kenge akaupanda bila taabu mpaka kwenye mashimo ya makinda. Fungu ambalo halikufunikwa na mafuriko huota matete na vichaka, na ndege anayetegemea kumwona adui kwa mbali halitaki tena. Mafuriko ya Aprili, ambayo mgeni huyaona kero kwa sababu yamemfungia barabara, ndiyo yanayokata ukuta upya na kung'oa magugu kwenye mchanga. Ndege unaowaona Agosti wanatumia kazi iliyofanywa na maji miezi minne nyuma.

Sasa twende kambini.

Hifadhi ya Taifa ya Nyerere ilitangazwa mwaka 2019 kutoka sehemu ya kaskazini ya lile lililokuwa Pori la Akiba la Selous, na ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Selous mwenye jina alikuwa mwindaji Mwingereza, Frederick Selous, aliyepigwa risasi na jeshi la Wajerumani huko Beho Beho mwezi Januari 1917, na kaburi lake liko huko huko. Wanaolizuru humkumbuka kwa tembo na simba aliowaua. Wachache wanajua kwamba alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa mayai ya ndege, kazi iliyohesabiwa kuwa ya heshima zama zake. Leo ukikamatwa na yai la ndege mfukoni mwako ndani ya hifadhi, utakuwa na maelezo marefu ya kutoa.

Kutoka Dar es Salaam njia ya kawaida ni Kibiti, halafu Mloka, kijiji cha mwisho kabla ya lango la Mtemere. Baada ya Kibiti barabara inategemea mvua ilivyoitendea. Mloka ndipo pa kununua kilichosahaulika: chumvi, kiberiti, betri, maji. Nunua na mkaa kama kambi unayokwenda hairuhusu kuokota kuni, na uulize jambo hilo langoni badala ya kukisia.

Kulala kwenye hema kunaruhusiwa katika maeneo yaliyotengwa, na kutembea kwa miguu kunaruhusiwa ukiwa na askari wa wanyamapori mwenye bunduki. Wako wageni wanaoliona hilo kama gharama tu. Kwangu askari huyo ni mwalimu. Anaijua ardhi ambayo kitabu cha ndege hakiigusi kabisa, na mara nyingi anawajua ndege pia, ingawa kwa majina ya kwao. Nakumbuka nikimwonyesha mmoja mahali pa kusimika hema, chini ya mti wenye kivuli kizuri, hatua chache kutoka majini.

"Afande, hapa je? Pana upepo, pana kivuli."

"Pazuri sana, mzee. Kiboko naye anapapenda."

Akanionyesha kwa mtutu. Kwenye nyasi palikuwa na mifereji miwili sambamba na tuta jembamba katikati, mithili ya njia ya gari lililopita mara nyingi. Miguu ya kiboko ya kulia na ya kushoto imeachana, kwa hiyo njia yake huwa na mistari miwili. Kila usiku hutoka majini kwenda kula nyasi, na kabla ya kupambazuka hurudi kwa njia ile ile. Akiikuta hema imekaa juu yake, au akikukuta umesimama kati yake na mto, hana subira. Basi hema isikae kwenye njia hiyo. Isikae kwenye mchanga mtupu, maana mto unaweza kupanda usiku kwa mvua usiyoisikia. Isikae chini ya mkuyu wenye matunda, kwa sababu ya nyani mchana na tembo usiku, wala chini ya mvumo, ambao matunda yake tembo anayapenda vilevile na yakianguka yenyewe yanaweza kukutoboa paa.

Na isikae juu ya ule ukuta wa kona ya nje, hata kama ndipo penye mandhari ya kupigia picha. Ukuta huo umeliwa kwa chini. Zaidi ya hilo, ndani yake mna mashimo yanayoingia kiasi cha mita moja chini ya miguu yako, na uzito wa hema, viti na watu wanaokwenda na kurudi unaweza kuyaporomosha. Mtu amesafiri siku nzima kuja kuwaona keremkerem halafu anapika chai juu ya dari yao!

Mengine ya kambi nitayapita haraka. Maji ya kuoga yachotwe kwa ndoo yenye kamba kutoka ukingo wa juu, na pasiwe mahali pale pale kila siku, kwa kuwa mamba hujifunza ratiba. Chakula kilale ndani ya gari lililofungwa. Nguo zisiwe za bluu iliyokolea wala nyeusi, kwani mbung'o huvutwa na rangi hizo, na ndiyo maana mitego yao unayoiona imetundikwa mitini hutengenezwa kwa vitambaa hivyo hivyo. Chandarua au hema yenye wavu mzima si jambo la kujadiliana. Usiku taa ya kichwani iwashwe kabla zipu haijafunguliwa, umulike pande zote, ndipo utoe mguu.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla rangi hazijaonekana, furukombe hurusha kichwa nyuma na kupiga mlio wake, na mwenzake humwitikia kutoka ng'ambo. Hondohondo hufuata, halafu kwarara. Wageni wengi hukurupuka wakati huo kutafuta kamera. Hakuna haraka. Picha ya ndege kwenye mwanga wa kijivu haina faida, na ndege wa mchangani hawaendi popote. Kunywa chai. Jua likitoka, hakikisha liko mgongoni mwako na fungu liko mbele yako. Rufiji hapa unaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi ni afadhali boti iteremke na mto kwanza, kisha igeuke na kurudi polepole ikitazama magharibi.

Ndege anayenifanya nirudi Rufiji ni mkata maji. Namwita hivyo kwa kazi yake. Ni mweusi mgongoni, mweupe chini, na mdomo wake wa rangi ya machungwa huonekana kama umetengenezwa na fundi aliyekosea kipimo: taya la chini ni refu kuliko la juu. Ukimwona amesimama utamhurumia. Mwache aruke. Hushuka mpaka karibu ya maji kabisa, akafungua mdomo, akalitumbukiza taya lile refu na kuupasua uso wa mto kwa mstari ulionyooka, mabawa yakipiga juu juu yasiguse maji. Taya likigusa samaki, mdomo hujifunga papo hapo, kichwa kikainama nyuma, na ndege akaendelea na safari. Hahitaji kumwona samaki, anahitaji kumgusa tu. Ndiyo sababu hupendelea jioni, alfajiri na hata usiku, wakati upepo umetulia, maji yamelala na samaki wadogo wamepanda juu. Mchana hukaa kwenye fungu, kundi zima likielekea upepo unakotoka.

Kiota chake ni shimo la kina kifupi kwenye mchanga. Hakuna nyasi, hakuna manyoya. Mayai hukaa wiki tatu hivi kabla ya kuanguliwa, na makinda huhitaji zaidi ya mwezi mmoja ndipo waruke. Jumlisha: fungu lazima libaki juu ya maji kwa kipindi cha miezi miwili mfululizo, mchana na usiku. Jua la Septemba linapofika utosini, mchanga huo huunguza nyayo, na yai likiachwa wazi linapikika. Mzazi huruka mpaka mtoni, akalowesha manyoya ya tumbo, akarudi kuyalalia mayai na kuyapoza. Atafanya hivyo tena na tena. Kwa hiyo ukisogeza boti karibu, mzazi akaruka na kuzunguka juu yako akilia, hujamsumbua tu. Umefunua mayai juani, na kila dakika unayotumia kurekebisha lenzi inatoka kwenye uhai wa kinda.

Kitwitwi wa Kittlitz, ndege mdogo wa mafungu hayo hayo, ana ujanja wake: akishtuliwa, huyapigia mayai mchanga kwa miguu mpaka yakafunikwa, ndipo akaondoka. Humwoni tena, huyaoni mayai, na ukishuka kutembea utayakanyaga ukijiona mstaarabu uliyetembea kwa tahadhari. Usishuke kwenye fungu wakati wa kutaga. Sijui namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Kuna na wimbi la boti. Huko Botswana, kwenye sehemu ya juu ya delta ya Okavango, wapenzi wa ndege wamelalamika kwa miaka kwamba mawimbi ya boti za mwendo kasi hupanda kwenye mafungu ya chini na kuyasomba mayai ya mkata maji huyu huyu. Wageni waliokuja kumwona ndio wanaomzamisha. Rufiji boti zimekuwa nyingi, na manahodha wazuri wanajua kupunguza mwendo mapema, wakaacha boti ielee. Mwambie nahodha kabla hamjaondoka gatini. Ukimwambia mkiwa mmeshafika, wimbi limeshafika pia.

Upande wa pili wa kona, ukutani, mambo ni tofauti: hapo kuna kelele, rangi na siasa za ukoo. Keremkerem wa paji jeupe wana koo nyekundu, mgongo wa kijani na buluu iliyokolea chini ya mkia, na hukaa kwa makundi, mashimo yakiwa yamepangana mpaka ukuta ukaonekana umepigwa risasi. Ukikaa ng'ambo ukatulia kwa saa moja, utagundua kwamba shimo moja linahudumiwa na ndege watatu, wanne, hata zaidi, wote wakileta nyuki na kerengende kwa makinda walewale.

Ndege hawa walichunguzwa kwa miaka mingi na watafiti wa Marekani, Stephen Emlen na Peter Wrege, huko Kenya, kwenye makoloni ya karibu na Nakuru. Waliwatia alama ndege mmoja mmoja na kufuatilia nani mtoto wa nani, nani shangazi, nani mjomba. Waligundua kwamba wasaidizi wa kiotani ni jamaa: ndege ambaye hana kiota mwaka huo, au ambaye kiota chake kimeharibika, huenda kuwasaidia ndugu wa karibu zaidi kuliko wa mbali. Hilo ukimwambia mtu wa kwetu hashangai. Kinachoshangaza ni walichokichapisha mwaka 1992. Baba humwendea kijana wake wa kiume aliyeanza kuoa na kuchimba shimo, akamsumbua. Huingia kati wakati kijana anampelekea mke chakula. Huziba mlango wa shimo la mkwe asiingie kutaga. Akiendelea hivyo, kijana hukata tamaa, akaacha kiota chake na kurudi nyumbani kulea wadogo zake. Kwa hesabu ya uzazi kijana hapotezi sana, maana wadogo zake ni damu yake karibu sawa na watoto ambao angewazaa. Ndiyo sababu hapigani mpaka mwisho. Baba naye anapata msaidizi ambaye hamlipi kitu.

Nimesimulia habari hiyo kwenye moto wa kambi mara nyingi, na kila mara wanaume wawili watatu hutazamana. Mpishi mmoja aliniuliza, "Na mama yake yule kijana anasema nini?" Sikuwa na jibu kutoka Nakuru.

Rufiji ina pia keremkerem mdogo zaidi mwenye kichwa cha rangi ya kutu, anayeitwa kwa jina la Richard Böhm, Mjerumani aliyechunguza wanyama wa nchi hii na kufia Katanga mwaka 1884. Huyu hakai ukutani. Hutoboa ardhi ya tambarare ya kichanga, mara nyingi kwenye uwazi chini ya miti, pamoja na uwanja wa kambi yako. Shimo dogo la mviringo njiani kuelekea chooni si lazima liwe la panya. Weka jiwe pembeni watu walikwepe.

Jua likizama, mto hubadilisha zamu. Wa kwanza kusikika ni chekeamwezi, miluzi inayopanda haraka kisha ikafifia, kundi moja likiliitikia lingine kando ya maji. Mchana alikuwa hapo hapo, amejibana kwenye kivuli cha gogo, na macho yake makubwa ya njano yakikutazama ukipita. Chekeamwezi wa majini hujulikana kwa kutaga jirani na viota vya mamba, na ujirani huo una akili: mamba jike anayelinda mayai yake hufukuza kenge na nyani, na ndege naye ananufaika bila gharama. Kwa mtazamaji maana yake ni moja. Ukiona chekeamwezi ameganda mahali hataki kuhama, jiulize nani mwingine analinda hapo kabla hujakaribia.

Halafu yuko bundi. Najua bundi kwetu ana sifa gani, na sitajaribu kumbadilisha mtu imani usiku wa manane porini. Lakini bundi mla samaki wa Rufiji ni wa kuamkia. Ni mkubwa, mwenye rangi ya tangawizi, na miguu yake haina manyoya, tofauti na bundi wengi, maana miguu yenye manyoya ingelowa kila siku. Chini ya vidole ana magamba makali ya kushikia samaki anayeteleza. Mabawa yake hayana ile pindo laini inayowafanya bundi wengine waruke kimya. Samaki aliye ndani ya maji hasikii mabawa, basi ukimya haukuhitajika. Mlio wake ni mzito, wa chini, unaosafiri mbali juu ya maji. Mchana humpati kwa kutazama matawi ovyo. Tafuta mti mkubwa wenye kivuli kizito unaoinamia maji yaliyotulia, kisha tazama chini: kinyesi cheupe na magamba ya samaki. Yakiwepo, rudi nyuma, inua darubini taratibu, uanze na matawi manene karibu na shina.

Ukichoka na mto mkubwa, nenda maziwani. Tagalala, Manze, Nzerakera na Siwandu ni maziwa yaliyofungamana na Rufiji. Mto ukifura huyajaza, ukishuka huyaacha na samaki waliokwama, na hapo ndipo korongo wenye mdomo wa njano, yangeyange na kwarara hukusanyika. Kingoni imesimama mivumo, mingine hai, mingine imebaki nguzo isiyo na kichwa. Katika iliyo hai teleka wa mivumo huishi upande wa chini wa makuti, na kiota chake ni kibandiko cha manyoya. Hubandika mayai kwa mate kwenye kuti ili upepo usiyamwage, kisha huyaatamia amejishikiza wima. Katika iliyokufa, juu kabisa pale kichwa kilipokatika, hutaga kozi wa Dickinson, wa kijivu na kichwa cheupe, ambaye angekosa mahali kama watu wangekata kila mti mkavu kwa kuni.

Kati ya Mei na Oktoba tazama pia matete ya pembeni umtafute kongoti mdogo wa Bukini. Anazaa Madagaska, kisha huvuka mlango wa bahari wa Msumbiji kuja kupumzika Afrika Mashariki. Kwao akiwa anazaa ni mweupe wote, mdomo wa buluu. Huku hufika amevaa michirizi ya kahawia, akafanana sana na binamu yake wa kawaida, na watu humpita kila siku wakidhani wameshamwandika. Mtazame mdomo, wa kwake ni mnene zaidi, na michirizi yake imekolea. Yumo kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na anafika wakati huo huo ambapo maji yameteremka na kuacha tope la kuwindia.

Hapo ndipo linapoingia suala la bwawa. Wazo la kufunga Rufiji pale kwenye korongo si la jana. Mwaka 1975 serikali iliunda RUBADA, mamlaka ya kuendeleza bonde la mto huo, na tafiti za umeme zilifanyika kwa msaada wa Norwei. Mradi ukakaa kwenye makabati mpaka mkataba ulipotiwa saini Desemba 2018. Desemba 2022 maji yakaanza kuzuiwa, na mwaka 2024 mitambo ya kwanza ikawashwa. Mitambo ni 9, kila mmoja wa megawati 235, jumla megawati 2,115. Sitajifanya mtu asiyeuhitaji umeme huo. Betri ya kamera yangu inachajiwa kwa umeme wa gridi.

Ila bwawa la umeme lina tabia yake, nayo inahusu sura hii moja kwa moja. Mitambo inataka maji Januari na inataka maji Oktoba. Bwawa hushika mafuriko ya masika na kuyaachia kidogo kidogo kiangazi. Kwa mto wa chini yake hiyo ina maana ya kilele kifupi zaidi cha mafuriko, na shimo la maji ya kiangazi lisilo na kina kama la zamani. Kilele kikipungua, ukuta haukatwi upya na fungu halisafishwi. Shimo likipungua kina, mafungu ya chini hayachomozi kabisa, au yanachomoza kisha maji yanafunguliwa wiki ya tano, kinda likiwa halijaruka. Mchanga nao hutua bwawani, na maji yanayotoka yakiwa yameachana na mzigo wake huchukua mwingine kutoka kwenye mafungu yaliyopo. Haya si utabiri wa mganga, ni namna mito yote iliyofungwa inavyofanya kazi. Kinachobaki ni kiasi, na kiasi kinategemea maji yanafunguliwa vipi na lini.

Ndege hawako peke yao katika hesabu hiyo. Wakulima wa Rufiji tangu zamani hupanda mpunga unaopokea mafuriko, kisha maji yakirudi nyuma hupanda mahindi na mboga kwenye tope lililobaki, kilimo wanachokiita mlau. Mwishoni mwa miaka ya 1960, baada ya mafuriko makubwa, serikali iliwahamisha watu bondeni na kuwapeleka juu, na wengi waliendelea kurudi kulima kule chini kwa sababu ndiko kulikokuwa na rutuba. Aprili 2024 mafuriko yalifunika tena mashamba na nyumba, na mjadala ukawaka juu ya mchango wa bwawa na mchango wa mvua. Mkulima wa mlau na mkata maji wanasubiri kitu kimoja: maji yashuke kwa wakati wake na yasirudi ghafla.

Kwa sababu hiyo daftari langu la Rufiji limebadilika. Zamani lilikuwa na jina la ndege, idadi na saa. Siku hizi kila kona ina mistari yake: urefu wa ukuta juu ya maji, ambao naukadiria kwa kasia la boti, kama ukuta ni mpya au umeota nyasi, fungu liko wazi au limeota matete, mchanga wa juu ni mkavu au una alama ya maji ya karibuni. Ndege hufuata baada ya hapo. Ukiwa na simu, piga picha ya fungu zima kutoka mahali pale pale kila unapokwenda, hata kama halina ndege hata mmoja, maana fungu tupu nalo ni taarifa. Na ukimkuta mkata maji amelalia mayai mwezi Septemba, ukirudi Mloka usiende moja kwa moja hotelini. Keti na wanaolima mlau, uwaulize maji yalipanda lini mara ya mwisho na yalifika wapi. Watakutajia wiki, na wengine watakuonyesha shina la mti yalipoishia.